Miraba Arobaini na Sita

Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Nanunua ndizi na muhogo mashambani Ole, nauza sokoni Chake, na hakuna mkungu unaopita mkononi mwangu kabla sijahesabu chane zake kutoka juu, kisha kutoka chini. Wakulima wananicheka. Mmoja aliniambia kwamba hata nikifa nitawahesabu watakaonizika. Nikamjibu nitawahesabu, na yeye asipokuwepo nitajua.

Kwa hiyo katika haya ninayoandika sina pa kujificha. Kama kuna mtu aliyejua idadi, ni mimi.

Bimkubwa wangu, mama yangu mzazi, ana sukari ya miaka mingi. Kidonda chake kilianza na kikonyo cha karafuu, kile kijiti kinachobaki karafuu zikichambuliwa. Alikuwa anaanua vikonyo jamvini, kimoja kikaingia ndani ya kiatu chake cha plastiki, akatembea nacho mchana kutwa bila kujua. Sukari ilikuwa imeshamchukulia hisia za nyayo. Alipovua kiatu akaiona damu, akaitazama kama ya mgeni.

"Hii nimeitoa wapi?" aliuliza.

Kidonda kilikaa ubavuni mwa unyayo, chini kidogo ya kidole cha mwisho. Nikampeleka hospitali. Daktari akaandika kapsuli: tatu kwa siku, siku saba. Ishirini na moja. Nilizihesabu pale pale dirishani, nikazihesabu tena nyumbani.

Siku ya nne kidonda kilionekana kimetulia. Bimkubwa alikuwa amemeza kumi na mbili. Nikajiambia, basi, hizo nyingine za nini? Dawa ni kitu cha kuweka. Leo ipo, kesho unaambiwa haijaja. Tano nikazifungua, nikamwaga unga wake juu ya kidonda, kama nilivyoona wazee wangu wakifanya na kama wanavyofanya majirani zangu mpaka leo. Nne nikazifunga kwa karatasi, nikazitia kabatini. Kumi na mbili, tano na nne, ishirini na moja. Hesabu ilikaa sawa kabisa.

Unga ule ulifanya kigaga kizuri, kigumu, cha rangi ya manjano. Watu waliokuja kumjulia hali wakasifu: "Kimekauka, mashallah." Nami nikasimama pembeni kama fundi aliyeezeka nyumba isiyovuja.

Baada ya wiki chache nilisikia chumbani harufu tamu, ya fenesi lililopitiliza. Nikatafuta fenesi. Nilitazama uvunguni, nikatazama nyuma ya mlango, nikarudi uvunguni. Bimkubwa ameketi kitandani ananiangalia.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Kuna kitu kimeoza humu."

"Ni mimi," akasema.

Kitambaa cha kidonda kilikuwa kijani. Tukarudi hospitali, tukaandikiwa dozi ya pili, dawa nyingine, kali zaidi. Ningependa kuandika kwamba mara hii nilikuwa na akili. Nilifanya vile vile. Kidonda kilipotulia nikasimamisha, nikafungua, nikamwaga, nikaweka akiba.

Mara ya tatu daktari hakuandika dawa. Ni kijana, mpole, umri wake unalingana na wajukuu wakubwa wa bimkubwa. Alifunua kidonda, akakifunika, akavuta kiti karibu.

"Bibi, nimekupa dozi mbili. Zote umemaliza?"

Bimkubwa akanigeukia. Yeye alimeza kila nilichomtia mkononi. Idadi alikuwa ameniachia mimi, mwana wake wa kuhesabu.

"Amemaliza," nikasema.

"Basi dawa zimeshindwa. Na kile kidole cha mwisho, mfupa wake sioni kama ni mzima. Nikisubiri, uchafu utapanda. Naona tukate chini ya goti, tuokoe sehemu ya juu."

Alisema taratibu, kwa heshima zote. Bimkubwa akashika ncha ya mtandio wake, akaanza kuikunja na kuikunjua. Mimi katika kazi yangu nimesikia kila namna ya bei ya kwanza, na kila mara ulimi wangu huwa tayari. Siku ile ulikauka. Kwa sababu nilifahamu kitu ambacho daktari hakukifahamu: mguu ule ulikuwa unakatwa kwa neno langu moja. Dawa hazikuwa zimeshindwa. Hazikupewa nafasi.

Mfanyabiashara hataji kasoro ya mali yake mwenyewe. Nilitaja.

"Daktari, hajamaliza," nikasema. "Ya kwanza alimeza kumi na mbili. Ya pili kumi na tano. Nyingine nilizimwaga juu ya kidonda, nyingine ninazo kabatini."

Pale palikuwa na muuguzi, mama mtu mzima wa Vitongoji, anakunja vitambaa. Akaacha kukunja.

Bimkubwa hakunitazama. Alitazama ukuta, akasema polepole, "Wateja wako unawapunja, hayo ni yako na Mungu wako. Na mimi nami ukanipunja?"

Muuguzi aliniita nije karibu, akavaa glavu, akaondoa kile kigaga changu kizuri. Chini yake palikuwa na kitu kama kamasi, kinang'aa, kimeshika nyama.

"Unauona utando huu, baba?"

"Nauona."

"Umewahi kutia mkono ndani ya pipa la maji lililokaa muda mrefu? Ukapapasa ubavuni?"

"Panateleza."

"Ehee. Ule utelezi ni wadudu, wamejijengea nyumba. Mwaga dawa ya maji, maji yatatakata, utelezi uko pale pale. Hawa nao ndivyo. Unga wako umewawekea paa. Na hata kapsuli za kumeza, angezimaliza zote, peke yake zisingewafikia wote humu ndani. Lazima usugue kwanza, uwabomolee. Halafu utie dawa upesi, kabla hawajajenga tena. Ukichelewa siku mbili tatu, wamesharudi."

"Basi tusugue," nikamwambia daktari. "Tupe wiki nane."

"Wiki nane? Hapana. Wiki mbili."

"Sita."

"Mzee, huu ni mguu."

"Ndiyo maana nasema sita. Ungekuwa muhogo ningesema tatu."

"Mnauziana samaki hapa?" muuguzi akauliza.

Tulisimama kwenye nne, kwa masharti yake: homa ikija, au wekundu ukipanda juu ya kifundo, hakuna kusubiri. Na kidonda kipungue nusu. Nikauliza nusu ya nini, maana nusu ya macho siiamini. Muuguzi akachukua karatasi ya plastiki angavu, safi, akaiweka juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito. Kisha akaiweka juu ya daftari la hesabu lenye miraba.

"Mraba uliojaa zaidi ya nusu, hesabu. Chini ya hapo, acha."

Nilihesabu arobaini na sita. Nikarudia. Arobaini na sita. Nusu yake ishirini na tatu. Tangu siku hiyo namba hiyo nililala nayo na kuamka nayo.

Kazi ilikuwa hivi. Kila baada ya siku moja tunakwenda hospitali. Muuguzi anakwangua kwa kijembe kidogo, anasugua kwa kitambaa mpaka nyama itoe damu. Halafu anaweka kitambaa kilicholowekwa kwenye siki, iliyopimwa na kuchanganywa pale pale hospitali, kwa sababu ya wadudu wanaoleta kile kijani. Anasubiri, anaosha, anafunga na dawa ya ayodini.

"Siki?" bimkubwa aliuliza siku ya kwanza, pua imeshapata habari. "Mnanitia achari?"

"Kidogo tu, bibi," muuguzi akasema.

"Basi msisahau pilipili."

Alikuwa anacheka na kila mtu isipokuwa mimi. Mimi alinipa mkono wa kulia nimpe kapsuli za dozi mpya, na kabla ya kumeza akawa anauliza, "Ya ngapi?" Nikisema ya saba, anatazama karatasi ya dawa, anahesabu vitundu vilivyopasuliwa kwa ukucha, kisha anameza. Kuhesabu mara mbili, kumbe, nilirithi kwake.

Wiki ya kwanza miraba ilikuwa arobaini na nane. Muuguzi akanieleza kwamba nyama iliyokufa ikiondolewa, kidonda kinakua kabla ya kupungua. Nilimsikia, lakini nilirudi Ole siku ile nikanunua ndizi bila kupunguza hata shilingi, na mwenye shamba akaniuliza kama naumwa. Wiki ya pili arobaini. Kijani kikaondoka, fenesi likaondoka. Wiki ya tatu thelathini na moja. Kidole cha mwisho tu kilikuwa hakifuati wenzake. Kiliendelea kuwa cheusi.

Siku ya wiki ya nne daktari alikuwepo. Muuguzi akachora, akanipa daftari na kalamu. "Hesabu wewe, mwenye kazi yako."

Nikahesabu ishirini na tatu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mkono wenyewe ukarudi mwanzo, kwa mazoea tu. Ishirini na nne. Kulikuwa na mraba mmoja pembeni, upande wa kidole kile cheusi. Mara ya kwanza niliuona haujafika nusu. Nikainama karibu zaidi: ulipita nusu, kwa upana wa wino.

Hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa bimkubwa.

"Ishirini na nne," nikasema.

Daktari akakibonyeza kile kidole kwa chuma chembamba, kikagonga mfupa. Bimkubwa akatangulia kusema.

"Mjukuu wangu, wewe ulitaka mguu. Huyu mwanangu anataka usichukue kitu. Mmepatana mwezi mzima na mwenye mali hamkumuuliza. Chukua hicho kidole, kimeshakufa. Uniachie mguu."

Daktari alimtazama muuguzi, muuguzi akatikisa kichwa kukubali. "Nyama ni nyekundu, daktari. Inakuja."

"Kidole na mfupa wake," daktari akasema. "Na kusugua kunaendelea."

"Umepata," akasema bimkubwa, kwa sauti ile ile ninayoitumia mimi sokoni nikikubali bei.

Hiyo ni miezi kadhaa sasa. Vipande vya plastiki ninavyo, nimevitia ndani ya kitabu changu cha manunuzi; cha mwisho kina miraba sita, na kidonda kimekaa sita wiki mbili bila kushuka. Zile kapsuli za kabatini nilizirudisha hospitali, muuguzi akazipokea. Siku ambazo hatuendi hospitali ninasugua mwenyewe nyumbani, kama alivyonifundisha. Naweka beseni, naosha mikono, nauinua mguu wa bimkubwa juu ya goti langu.

Jana macho yangu yalipita juu ya vidole vya miguu yake yote miwili. Tisa. Nikaanza tena kutoka upande wa pili.

"Unahesabu," akasema.

"Sihesabu, bimkubwa."

"Vingapi?"

"Tisa."

"Ulidhani kimeota?"

Akanyoosha mguu zaidi ili nifike vizuri, nikachukua kitambaa, nikaanza kusugua.