Siku Niliyombeba Mama Mkwe

Kabla hamjaisikia kwa Okumu, acheni niwaambie mwenyewe, kwa sababu Okumu akisimulia huongeza chumvi mpaka utadhani nilitoka mtoni uchi kama nilivyozaliwa, na hiyo si kweli, nilikuwa na leso. Aibu niliipata, sikatai, tena mbele ya watu wa nchi mbili, wa Kenya wamejipanga upande huu na wa Uganda upande ule, na mpaka leo nikipita na baiskeli yangu karibu na geti la mpakani hapa Busia lazima mtu aulize, "Wandera, leo umebeba nani?" Mimi hucheka tu nikiendelea kukanyaga pedali.

Ilikuwa wakati wa corona, ule mwanzo mwanzo, mpaka umefungwa na wanaopita ni trela za mizigo peke yake. Kazi yangu ni boda boda ya baiskeli, kuvusha watu kutoka geti hadi geti, sasa geti likifungwa utamvusha nani? Na mambo yenyewe yalinikuta vibaya, maana mke wangu Nafula ndiyo kwanza alikuwa ametoka kujifungua, tena kwa kupasuliwa, mtoto wetu wa kwanza, msichana, mdogo hivi (nilikuwa naogopa hata kumshika). Nafula hakutakiwa kuinua hata ndoo ya maji. Majirani walitusalimia kwa kupunga mkono kutoka mbali, kila mtu anamwogopa mwenzake, na kila jioni Nafula ananiambia mwite mama, mwite mama aje anisaidie. Mama yake anakaa Lumino, kule ng'ambo Uganda.

Mimi nikakataa, na nilikataa kwa moyo wote. Nikamwambia mama ana presha, mama ni mtu mzima, ugonjwa huu unatafuta watu kama yeye, na njiani atakutana na watu wa kila namna halafu aje ampumulie mtoto mchanga? Hapana. Nikampigia simu shemeji yangu amwambie mama asitoke nyumbani. Nafula alilia sana siku hiyo, nami nikaanza kufua nepi mwenyewe, nafua vibaya lakini nafua, na moyoni najiona mwanamume anayelinda nyumba yake.

Ila nyumba hailindwi kwa njaa. Huko chini, nyuma ya mashamba ya mihogo, kuna njia ya panya, na mvua za mwezi wa tano zilikuwa zimejaza ule mto mdogo hadi kiunoni, kwa hiyo vijana wenye mgongo walikuwa wanavusha watu kwa kuwabeba. Nikajiunga. Tena nilikuwa mwangalifu kuliko wote. Okumu na wenzake walibeba ovyo ovyo, mimi nilikuwa na kanuni yangu: nasimama majini nimekupa mgongo, wewe unapanda kutoka kwenye kisiki, barakoa imefunika pua, uso umeangalia kando, na mdomo umefungwa mpaka tufike, maana sitaki pumzi ya mtu kwenye shingo yangu halafu niipeleke kwa mtoto. Sikuwa hata nawaangalia usoni. Abiria haongei, mimi ndiye naongea (mzigo ukibebwa kimya huwa mzito zaidi, niamini).

Sasa siku yenyewe. Asubuhi ile chandarua cha mtoto kilikuwa kimeanguka, nikatafuta kamba nyumba nzima sikuiona, basi nikaichomoa ile niliyokuwa nafungia kaptula yangu ya kazi, kaptula ya zamani ya kuchezea mpira ambayo lastiki yake ilikufa kitambo, nikafungia chandarua. Nikajiambia lastiki itavumilia siku moja. Mimi nilijiambia hivyo, jamani, na akili zangu timamu.

Ilivumilia mpaka karibu saa nne. Nilikuwa upande wa Uganda, nimesimama karibu na kisiki, nikasikia mtu amepanda mgongoni, mwanamke, mwenye uzito wa wastani, ana kikapu amekipakata kati yetu, akanyamaza kimya kama nilivyotaka. Nikafurahi. Wengine ilibidi niwakemee mara mbili tatu, huyu alikuwa na adabu zake. Nikaanza safari na mdomo wangu ukaanza safari.

Nikamwambia, mama, nakuona kwa hii mikono wewe si msichana, kwa nini hukai nyumbani wakati huu? Wazee wanatusumbua. Hata mimi nina mama mkwe kule Lumino, anataka kuja kwangu kwa nguvu, kichwa ngumu kama jiwe la kusagia, lakini mimi nimemkatalia, na nikikataa nimekataa. Nikaendelea hapo, nikasema huyo mama hata kwenye posa yangu alinisumbua, alitaka leso ya aina fulani, nyekundu yenye maua ya njano, nilizunguka Busia zote mbili nikiitafuta. Abiria kimya. Mimi nikafikiri ninampa burudani.

Tulipofika katikati, pale maji yanapovuta, nikahisi kaptula imeanza kushuka. Mikono yangu yote miwili iko chini ya magoti ya abiria, siwezi kuishika. Nikabana mapaja, nikasimama.

"Wandera," sauti ikasema sikioni mwangu, taratibu kabisa. "Usisimame. Hii miguu yangu inashika maji."

Wewe ambaye si wa huku labda hutaelewa. Kwetu Wasamia mama mkwe humshiki mkono. Humpiti karibu, hamli pamoja, akija kwa njia hii wewe unachukua ile, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mke wako au shemeji. Ndiyo maana simpigii simu. Katika miaka yangu yote ya ndoa nilikuwa sijawahi kumkaribia mama huyu, na sasa kifua chake na kikapu chake viko mgongoni kwangu, na magoti yake nimeyakamata kwa mikono hii. Na mapaja, kwa ule mshtuko, yakasahau kubana, kaptula ikateremka, nikaiona inachungulia juu ya maji mara moja, ikaenda zake.

Ningemshusha, lakini maji yalikuwa ya kiuno na yanavuta, na yeye hajui kuogelea. Ningemrudisha Uganda, na kwa kweli nilishageuza bega. Hapo ndipo Okumu, aliyekuwa ukingoni upande wa Kenya, akamtambua, maana alikuwepo kwenye posa yangu, akawatangazia wote waliokuwa wanasubiri kwamba Wandera amembeba mama mkwe wake. Watu wakasimama kuona vizuri. Mama mmoja mwenye mitumba kichwani aliitua kabisa.

Mama mkwe akaona bega langu limegeuka. Akanibana shingo.

"Mimi nakwenda kwa mtoto yangu," akasema. "Amepasuliwa, iko peke yake. Wewe hujanibeba, ni maji imenibeba. Tembea."

Nikatembea hatua kidogo, kisha nikasimama tena, kwa sababu kuelekea ukingoni maji yanapungua, na kila yanapopungua mimi ninazidi kuonekana. Natamani ningeweza kuwaambia nilipata njia ya heshima ya kulisema. Sikuipata.

"Mama," nikasema, "kaptula imekwenda."

Nikasikia anahema tu kwenye barakoa yake, na nikaanza kuomba Mungu atume hata mamba, ingawa mto ule hauna mamba. Halafu nikahisi anahangaika na mabega yake, na leso ikashuka mbele ya macho yangu, akaifunga kisogoni kwangu fundo la nguvu, ikaning'inia mbele yangu mpaka magotini kama aproni ya mpishi. Nyuma nilifunikwa na gauni lake. Leso yenyewe ilikuwa nyekundu, yenye maua ya njano.

Tukatoka mtoni namna hiyo. Nilipomfikisha penye nyasi nikakaa chini papo hapo kwenye matope, sikuinuka mpaka nimeizungusha ile leso kiunoni, na watu wakicheka mpaka wengine wanajishika mbavu, barakoa ziko kidevuni. Yeye hakucheka wala hakugeuka nyuma. Alichukua kikapu chake akaanza kupanda kilima, nami nikamfuata kwa mbali, nimevaa leso, nimejiandaa kumwambia Nafula amwambie mama yake kwamba nilikataa asije kwa sababu nampenda mtoto.

Tulipofika nyumbani hakuingia. Alisimama nje uani, akamwita mwanawe, na Nafula akatoka polepole ameshika tumbo kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, alipomwona mama yake akaangua kilio. Mama alitaka kumkimbilia, nilimwona mguu umetoka, lakini akajizuia, akabaki pale pale analia naye kwa mbali. Akasema atalala kwenye banda la kuku ambalo lilikuwa tupu, atapika nje, atafua, atachota maji, na mtoto hatamgusa mpaka wiki mbili ziishe. Alikuwa amekuja na sabuni yake kwenye kikapu. Kisha akaongea na Nafula, uso ameugeuzia ukuta ili asiniangalie, lakini kila neno lilikuwa langu.

"Uliza bwana yako. Mimi nimekaa Lumino kwa shamba, sijaona mtu. Yeye anabeba Uganda mzima kwa mgongo kila siku, jioni analala na mtoto. Sasa nani anamletea ugonjwa?"

Nafula akaniangalia. Mimi nikaangalia maua ya leso. Kanuni zangu zote za mtoni, barakoa, uso kando, mdomo ufungwe, na jioni nilikuwa nafika kwangu na shati lililolowa jasho la watu nisiowajua nakaa kando ya chandarua cha mtoto. Nilichukua blanketi nikahamia kwenye kibanda cha baiskeli, sikurudi mtoni tena, tukala mihogo aliyokuja nayo yeye.

Basi tukakaa wiki mbili, mama mkwe kwenye banda la kuku upande mmoja, mimi na baiskeli upande wa pili, kila mmoja akimkwepa mwenzake kama desturi inavyotaka, na asubuhi Nafula anatuletea mtoto mlangoni tumwone kwa mbali, kwanza bibi, halafu mimi. Hakuna aliyekohoa. Siku zilipoisha mama alioga, akaingia, akamshika mjukuu wake, na mimi nje nikamsikia anamwimbia, nikalia kidogo (Okumu hajui hili, na msimwambie).

Wazee wa ukoo walitaka kikao kuhusu mambo ya mtoni. Mama mkwe akawatumia ujumbe kwamba yeye alibebwa na maji, kama wana kesi waende wakayashtaki. Hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Leso nikaifua, nikamrudishia kupitia Nafula, ikarudi kwangu siku hiyo hiyo kupitia Nafula, pamoja na mshipi wa ngozi aliouagiza sokoni na neno moja, kwamba mkwe ajifunge.

Mpaka ulishafunguliwa zamani na baiskeli yangu iko barabarani, lakini mvua zikizidi watu bado huja kuniomba niwavushe kule chini. Navusha. Ila abiria wangu siku hizi anaongea, na kabla hajapanda mgongoni ananiambia kwanza usoni yeye ni mama wa nani, nami nikiwa namsikiliza huwa naushika mshipi wangu kuhakikisha upo.