Hando la Hawe Mbodze

Mtu akikuuliza nani anatawala hapa Idsowe, usimtajie chifu. Mtajie mama mkwe wangu, Mbodze. Watoto wa kijiji wanamwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama, na wakubwa nao wamefuata hivyo hivyo. Kwa miaka mingi ametawala akiwa amekaa kitako, maana nyonga zake zote mbili zilikuwa zimekwisha kama bawaba za mlango ulioachwa mvuani.

Mimi ni Winfred, mke wa mwanawe Dzombo. Ni Mpokomo wa Golbanti, na nilipoolewa hapa nilidhani nimeolewa na mwanamume. Kumbe niliolewa na mama yake. Nasema mapema ili tusielewane vibaya: nampenda mwanamke huyu, lakini ananichosha. Mtu asiyeweza kutembea ana wakati mwingi wa kutazama, na Hawe alikuwa akinitazama mimi. Ugali mgumu. Ugali laini. Kuni hizo mbichi, umezitoa wapi? Mchana kutwa yuko mlangoni na sauti yake inafika kisimani kabla yangu.

Hakuwa hivyo zamani. Alikuja huku kutoka Ganze akiwa bi harusi, akafyeka shamba lake mwenyewe kando ya mto, akapanda migomba ambayo mpaka leo tunakula ndizi zake. Na alikuwa akicheza ngoma. Wazee wanaomkumbuka bado wanatikisa kichwa. Siri yake ilikuwa hando, ile sketi ya wanawake wa Kigiriama, vitambaa vyeupe vilivyokunjwa marinda tabaka juu ya tabaka, na kiunoni ndani kuna mto wa vitambaa wa kuinua makalio. Mwanamke akitembea na hando, hando nalo linatembea kivyake. Hawe hakuwahi kutoka nje bila hilo. Hata alipokuwa hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono, lazima kwanza avae hando. Nilikuwa nikimfunga kamba za kiuno huku natukana kimoyomoyo.

Daktari wa mifupa alimweleza kwamba ule ulaini unaolinda mfupa usisagane na mwenzake umelika wote. Dawa yake ni kuweka nyonga mpya, ya chuma na plastiki. Nyonga ya kulia aliwekewa bure, kwa sababu kulikuwa na utafiti wa chuo kikuu unaofuatilia watu wa mashambani. Hapo ndipo tulipomjua Griffin.

Griffin si daktari. Ni mhandisi, kijana mrefu wa bara mwenye miwani na aibu nyingi, na kazi yake ni kupima jinsi mwili unavyobeba mzigo. Alituambia kwamba nyonga hizi zimejaribiwa zaidi kwa watu wanaokaa vitini na kutembea juu ya lami. Yeye alitaka kujua zitadumu vipi kwa mtu wa huku, anayekanyaga tope, anayebeba ndoo kichwani na kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Akasema kila ukipiga hatua nyonga inabeba uzito wako mara kadhaa. Hawe akasema hiyo ni habari njema, sasa anajua kwa nini alikuwa akichoka na watu wakamwita mvivu.

Kuchutama alikatazwa. Kukaa kwenye kibao kifupi alikatazwa. Dzombo, ambaye ni seremala, akaichukua ile mbuzi ya nazi akaipandisha juu ya miguu mirefu, na sasa Hawe akikuna nazi anaonekana kama amepanda bodaboda. Griffin alipoiona akatoa futi akaipima kila upande, akapiga picha. Tangu siku hiyo Hawe akampenda.

Sasa, jambo lenyewe lilikuwa nyonga ya kushoto. Mguu wa kulia ulipona, lakini wa kushoto ulikuwa bado ule ule wa zamani, na mtu hafiki shambani kwa mguu mmoja. Madaktari walisema watafanya na ya pili, kwa sharti moja: vipimo vya Griffin vionyeshe kwamba upande mpya una nguvu za kumbeba peke yake wakati huu mwingine unapona. Misuli ya kando ya nyonga ikiwa dhaifu, mtu akisimamia mguu huo kiuno kinaanguka upande wa pili, na mtu wa namna hiyo akipasuliwa tena anaweza kuishia kitandani. Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya kipimo kimoja. Hawe alikuwa akiitaka nyonga ile kwa ajili ya migomba yake. Mimi nilikuwa nikiitaka zaidi yake, kwa ajili ya masikio yangu.

Siku ya kupimwa, Hawe alikuwa ameambiwa kwamba watakuja watu kutazama jinsi kiuno chake kinavyokwenda. Basi akajiandaa kama anayekwenda harusini. Alitoa hando jipya alilokuwa amelishona mwenyewe, akaongeza mto ndani, akajipaka mafuta. Griffin alifika na vipimo vyake, vidude vidogo mfano wa kiberiti vyenye mikanda. Vya miguuni alivifunga vizuri. Kile cha kiunoni, mtoto wa watu alishindwa. Alikitazama, akamtazama Hawe, akakohoa, akamkabidhi mkanda ajifunge mwenyewe, akageuka kutazama kuku. Hawe akajifunga, akatembea uwanjani kutoka jikoni hadi barabarani na kurudi, kichwa juu, na wanawake wa jirani wakampigia vigelegele.

Majibu yalikuja kwa simu kutoka hospitali. Nyonga mpya imekaa sawa, walisema, lakini kiuno kinayumba kupita kiasi, misuli ni dhaifu mno. Upasuaji wa pili usubiri. Labda mwaka ujao, labda usiwepo kabisa.

Hawe alinirudishia simu bila neno. Jioni hakuuliza ugali umepikwa na nani. Kesho yake nikaunguza wali makusudi, nikamwekea mbele. Akaula. Hapo nikaogopa, nakwambia kweli. Nilikuwa nimeuomba ukimya ule kwa miaka, na ulipokuja nilitamani kulia.

Griffin alikuja kutueleza. Sikumkaribisha chai. Nilimwambia kwamba mwanamke huyu amefanya mazoezi kila asubuhi ameshika nguzo ya jiko, mimi mwenyewe nikimhesabia, kwa hiyo mashine yake ni mbovu au yeye ndiye mbovu, achague. Aliniacha nimalize. Kisha akafungua kompyuta akamwonyesha Hawe mwendo wake: mtu wa vijiti vyeupe, anatembea juu ya kioo cheusi, na kiuno kinakwenda huku na huku kama jahazi lisilo na nahodha.

"Huyu ni mimi?" Hawe akauliza.

"Ni wewe, Hawe."

Akakaribia kioo. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu nikaona uso wake ukifunguka. Akamwambia arudie. Akarudia. Akaniita nije nitazame.

"Winfred, tazama kiuno hicho. Tazama hando langu linavyojibu. Ule mto niliouongeza umefanya kazi."

Griffin alibaki na kidole hewani. Akauliza taratibu, "Hawe, ule mkanda uliufunga wapi?"

"Juu ya hando. Ulitaka niufunge wapi, juu ya aibu yangu?"

Kijana alivua miwani akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, tena kicheko cha mtu aliyejikwaa mwenyewe. Alisema alipaswa kuuliza, alipaswa kutazama, na badala yake alitazama kuku. Alikuwa amepima marinda na mto, nyonga yenyewe hakuigusa. Nami nikaenda kumwekea chai.

Dawa ilikuwa rahisi: kupima tena, bila hando, mkanda ukae juu ya mfupa. Rahisi kwa nani? Hawe alikataa katakata. Griffin akambembeleza, Dzombo akambembeleza, nikabembeleza mimi. Akatunyamazisha wote kwa neno moja.

"Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Na daktari amenikataza kuchutama. Sasa mnataka nifanyeje?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na yeye akacheka nasi, lakini hakukubali. Griffin akaondoka akituambia timu itakuwa Garsen mpaka mwisho wa wiki, baada ya hapo wanarudi chuoni.

Bishara ndiye aliyejaribu baada yake. Huyu ni mwanamke wa Kiorma anayetuletea maziwa asubuhi, rafiki wa Hawe wa miaka mingi, na wana ruhusa ya kutukanana. Alipoelezwa kisa, akaweka mtungi chini akasema kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na yeye miaka yote alikuwa akiyaonea wivu makalio ya pamba. Siku nyingine Hawe angemrudishia maneno hayo yakiwa na moto. Safari hii aliangalia chini tu, na Bishara akajuta, akamshika bega, akaondoka polepole.

Nilikaa karibu naye nikichambua mchicha. Akazungumza bila ile sauti ya kufika kisimani.

"Nilikuja hapa nimevaa hili. Mume wangu alinipendea hili. Nikilivua, nitabaki na nini?"

Nilimwambia lililokuja.

"Utabaki na miguu, Mama."

Aliuchukua mchicha mikononi mwangu akaanza kuuchambua mwenyewe, akasema naacha vijiti vingi. Nikajua amekubali.

Siku ya pili ya kupimwa tuliifanya kwa kanuni zake. Wanaume wote walifukuzwa uani, Dzombo akiwa wa kwanza. Wanawake wa jirani walisimama pande mbili wakishika leso zao, zikawa ukuta wa rangi rangi kutoka jikoni hadi barabarani. Bishara alishika ncha ya mwisho. Griffin aliketi nje, nyuma ya jiko, na kompyuta yake mapajani, ametugeuzia mgongo, maana vidude vyake hupeleka habari bila waya. Mkanda niliufunga mimi. Aliniambia kwa sauti kutoka kule nyuma niutafute mfupa kwa vidole, chini kidogo ya kiuno, niukaze hapo.

Nilimvua hando, nikamfunga leso moja ya kubana. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwona bila hilo. Alikuwa mwembamba, Mungu wangu, mdogo kama binti anayeanza shule ya upili. Huyu ndiye aliyekuwa akijaza mlango mzima? Machozi yalinitoka nikainama nijifanye nakaza mkanda. Akaniuliza mkanda una kilo ngapi, mbona sichomoki hapo chini.

Akatembea. Hakuna aliyepiga vigelegele safari hii, tulikuwa tumeshika pumzi pamoja na leso. Griffin akaomba asimame kwa mguu wa kulia peke yake. Akasimama, mkono wake hewani karibu na wangu bila kuugusa. Akaomba asimame kwa wa kushoto. Huo ulimshinda, nikamdaka.

Griffin akasema kutoka nyuma ya jiko kwamba upande mpya kiuno kimesimama sawa kabisa, hakikuyumba hata kidogo, na upande wa zamani kimeanguka, kama inavyotarajiwa kwa nyonga iliyokwisha. Akasema kipimo hiki atakipeleka kwa madaktari yeye mwenyewe.

"Sema kwa Kiswahili cha watu," Bishara akampigia kelele.

"Atafanyiwa," Griffin akasema.

Hapo ndipo vigelegele vilipotoka, na ukuta wa leso ukaanguka wote, na Hawe akaanza kutukaripia kwamba yuko uchi wa mnyama na sisi tunacheza. Nilimvika hando mbio mbio, kamba nikazifunga vibaya, akanitukana. Sijawahi kufurahia tusi namna hiyo.

Griffin alipokuwa akifunga virago alimweleza kwamba kile kipimo cha kwanza atakiondoa katika utafiti, maana ni cha makosa, na kwamba tangu sasa mikanda ya kiuno itafungwa na mwanamke. Hawe alisema sawa, akiondoe kwenye hesabu zake. "Lakini usikifute. Kitume kwenye simu ya Winfred. Yule ndiye mimi."

Alifanyiwa, akapona, akatupa magongo mapema kuliko alivyoruhusiwa. Mtu wa vijiti ninaye mpaka leo ndani ya simu yangu, na kila mgeni akija lazima aonyeshwe kabla ya kupewa maji. Siku hizi Hawe anakwenda shambani kwa miguu yake, hando likimjibu huku na huku, nami nyuma yake na majembe mawili begani. Nyumbani asubuhi kumekuwa kimya. Nilidhani nitakifurahia kimya hicho, kumbe sikiwezi, ndiyo sababu sasa kila siku namfuata huko.

Jana njia ilikuwa na tope na nikaachwa mbali. Nilimwita anisubiri. Alinijibu bila kugeuka kwamba kama nimechoka, tumpigie Griffin aje anipime.