Siku Niliyonunua Mawe kwa Kichina

Siku hizi mtu akiuliza njia ya kuja kwangu hapa Nkuhungu haambiwi tena "kwa Bosi Lazaro mwenye geti jekundu", anaambiwa "nyoosha tu mpaka uone mlima, mwenyewe ndiye aliyeununua", na anayeelekeza anacheka, na anayeelekezwa akifika kwangu ameshaanza kucheka naye, basi nimeona bora aibu hii niieleze mwenyewe, kwa sababu huko vijiweni inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo na kila mmoja anaongeza lori.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la nne, sikufukuzwa, niliona tu kwamba mwalimu wangu ana baiskeli na mchoma mkaa ana pikipiki. Nikaenda Zuzu kugonga kokoto pembeni ya reli kwa nyundo ya kuazima. Leo nina kilima changu kule Zuzu, nina kina mama wanaonigongea, nyumba ina bati la rangi, binti yangu Neema yuko chuo, na vyote hivyo nimevipata bila kusoma kitabu kizima isipokuwa kile cha nyimbo za kanisani (na hicho nakijua kwa kichwa, kwa hiyo siwezi kusema huwa nakisoma). Wenye digrii wananiita mheshimiwa. Nawaacha waniite.

Ila ukweli ni kwamba biashara ilikuwa imelala. Wamekuja watu na mashine za kusaga mawe, kokoto zao zinatoka zimelingana kama punje za mtama, zangu za nyundo zikabaki Zuzu zinaota majani, na kila asubuhi nikifika kina mama wananiuliza, "Bosi, leo kuna mteja?", mimi nawajibu, "Yuko njiani", mpaka njia yenyewe nikaanza kuionea aibu. Ndipo nikasikia Wachina wanaojenga barabara wamefungua kambi upande wa pili wa mji. Nikajiambia, Lazaro, hawa ndio wa mwisho, usipowauzia hawa, nyundo unaweka chini na kina mama unawaambia waende makwao.

Kambini kulikuwa na mkalimani, binti anaitwa Rehema, Kichina amekisomea hapa hapa Dodoma. Alinipokea kwa adabu zote, "Shikamoo baba, ukiwa tayari nitakuingiza kwa meneja, yeye atasema, wewe utasema, mimi nipo katikati." Mtu mwenye akili angesema ahsante mwanangu. Mimi nikawaza, mimi niliyebishana bei na Wagogo kwa Kigogo, Warangi kwa Kirangi cha kuungaunga na Wanyaturu kwa vidole, leo niwekewe katikati binti wa umri wa Neema? Nikamwambia nitarudi, nikaenda zangu kutafuta kitabu ili nikiongee Kichina mwenyewe, na ni kwenye hilo neno "mwenyewe" ndipo mkosi ulipoingilia.

Vitabu anauza Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, rafiki yangu wa miaka mingi, anavitandaza kwenye turubai karibu na soko.

"Una vya kufundisha Kichina?"

"Vipo vitatu. Anasoma Neema?"

"Nasoma mimi."

Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akanitazama upya. "Haya, chagua. Leo sifungi mapema."

Sasa mimi kitabu nakinunua kama ninavyonunua mbuzi mnadani, nakipapasa mgongo, nakifungua mdomo, natazama kama kinasimama chenyewe. Cha kwanza kilikuwa kinene, jalada gumu, mgongo mzuri, lakini nilipofungua nikakuta juu ya maneno kumejaa vialama, kimoja kimelala, kimoja kinapanda, kingine kimepinda katikati kama mundu, kingine kinaanguka, karibu kila neno lina chake.

"Hiki nzi wamekitembelea," nikasema.

"Hizo ni alama za sauti, Bosi. Zinakuonyesha upandishe wapi na ushushe wapi. Bila hizo hujui unasema nini."

"Nzi wa Kondoa hawa."

"Nzi wa Kondoa wanasoma kuliko Mgogo wa Zuzu."

Nikakiweka pembeni. Cha pili kilikuwa picha tupu, mtoto na mpira, bibi na paka, nikamrudishia palepale maana sikuwa nakwenda kumuuzia paka mawe. Cha tatu ndicho kilichoniua. Chembamba, kinaingia mfuko wa shati, Kiswahili upande huu na Kichina upande ule kwa herufi zetu hizi hizi, safi, hakuna doa hata moja. Nikafungua sehemu ya biashara, nikasoma, *mai*, nunua. Mstari wa chini yake, *mai*, uza. Nikacheka kwa furaha, nikampiga Ramadhani begani.

"Unaona? Hii ndiyo lugha ya wafanyabiashara. Neno moja linafanya kazi mbili. Ndiyo maana wametajirika, hata maneno hawayapotezi."

"Na mtu atajuaje unanunua au unauza?"

"Atanitazama usoni. Mwenye mali anajulikana."

Ramadhani akanifungia kitabu kwenye gazeti.

Ningeishia hapo isingekuwa mbaya sana, lakini mimi nikijua jambo siwezi kukaa nalo. Jioni ile nikatuma voisi kwenye grupu letu la wazabuni wa mawe, mchanga na tofali, ndefu, nikiwa nimekohoa kwanza: "Ndugu zangu, nimevipitia vitabu vya Kichina vilivyopo hapa mjini ili nisiwaache gizani. Kile kinene msiguse, chapa yake mbovu, kimejaa uchafu. Cha picha wapeni wajukuu. Kile chembamba ndicho kitabu, kimeandikwa na mtu anayejua biashara, kinakwenda moja kwa moja." Wakanijazia makofi ya simu, baadhi wakaenda kwa Ramadhani kukifuata (nao mpaka leo hawanisalimii vizuri), na mmoja akaniandikia "Profesa", jina ambalo nililala nalo usiku huo kama nimelala na shuka jipya.

Nikajifunza. Bafuni, njiani, juu ya kokoto: *wo*, mimi, *ni*, wewe, *bu*, hapana, *shitou*, mawe. Mke wangu alivumilia, kisha akaniuliza, "Baba Neema, mbona maneno yote unayasema kwa sauti moja kama unasoma tangazo la msiba? Wale Wachina wa dukani huwa nawasikia wanapanda na kushuka." Nikamwambia wale wa dukani wana haraka.

Siku yenyewe nikavaa koti. Rehema akasimama tayari kuniingiza, nikamwambia, "Mwanangu, kapumzike kidogo, leo baba anaongea mwenyewe."

"Una hakika, baba?"

"Kakae kivulini."

Meneja alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya njano, wanamwita Bwana Li. Nikamsalimia *ni hao*, akaitikia *ni hao*, nikaona mlango umefunguka. Sasa nikakumbuka maneno ya mke wangu kuhusu tangazo la msiba, nikasema hapana, mteja anabembelezwa, nikalilainisha lile neno kama tunavyowalainishia wateja wetu, sauti ikainama chini kwa unyenyekevu halafu ikapanda na tabasamu: "*Wo maaai shitou.*" Yaani mimi nauza mawe. Ndivyo nilivyodhani.

Bwana Li akaacha alichokuwa anafanya. "*Ni mai shitou?*"

"*Maaai, maaai,*" nikazidi kubembeleza.

Akanivuta mkono hadi nyuma ya kambi, akanionyesha lundo la mawe ya baruti, yale makubwa yanayobaki wakilipua mlima, mengine yanamzidi ng'ombe, akayanyooshea kidole na kuniangalia usoni kwa matumaini. Nikaelewa kwamba ananionyesha jinsi anavyoteseka na mawe mabaya, nikatikisa kichwa kwa huruma, nikapanua mikono yote miwili kumwonyesha kwamba nitamsaidia, mengi, mengi kabisa, yote atakayo. Yule bwana akanikumbatia. Akatoa simu akitaka lokesheni. Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu lori lingeweza kwenda Zuzu moja kwa moja kwenye kokoto zangu, lakini Zuzu nani angeliona? Nikampa lokesheni ya nyumbani, malori ya Wachina yapite kwanza Nkuhungu, watu wayaone, ndipo mimi nikae mbele na kuyaongoza.

Usinikumbushe jinsi nilivyotangaza. Nilichinja mbuzi. Grupu zima la wazabuni likaja, majirani wakaja, na kwa bahati mbaya baba mkwe alikuwepo. Huyu ni mwalimu mstaafu wa Kibakwe, alikuwa amekuja kupimwa macho na mchana ule alikuwa na basi la kurudi. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniambia neno baya, ananiuliza tu kila tukikutana, "Na ile elimu ya watu wazima, mwanangu, uliifikiria?" Siku hiyo nikamwambia, "Baba, subiri kidogo, usafiri ukiwa umeona Wachina wakija kunibembeleza." Akakaa sebuleni na kibegi chake miguuni.

Malori yakatokea kwenye kona, tipa kubwa kubwa, yamefuatana, vumbi mpaka mbinguni, watoto wanakimbia. Nikanyoosha koti. Mzabuni mmoja wa mchanga akaninong'oneza, "Bosi, hayo malori mbona yamejaa?" Nikamjibu, "Wachina hawatembezi gari tupu." (Sijui hilo jibu lilitoka wapi.)

Dereva wa kwanza alikuwa kijana wa Kitanzania, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye uliyenunua mawe?"

Mbuzi anapiga kelele kwenye sufuria peke yake.

"Tumwage wapi?"

Jamani, hapo ndipo mtu mwingine angesema kuna makosa, geuza gari. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikawaona wale wote walioniita Profesa wamenitumbulia macho, nikainua mkono kama trafiki, nikasema, "Hapo hapo."

Akainua mgongo wa lori. Ardhi ikatetemeka, kuku wakahama mtaa. Nikafikiri limekwisha, kumbe la pili linasogea, na dereva wa pili hakuuliza maana alishaona mwenzake amemwaga wapi, akafuata wa tatu, na wa tatu ndiye aliyeziba geti, jiwe moja likabingirika taratibu likaliegemea kama mgeni aliyechoka. Waliofuata waliendelea kumwaga barabarani, na mimi nimesimama pale nainua mkono, nashusha mkono, utadhani nimepanga.

Vumbi lilipotulia nikasikia sauti ya taratibu ndani ya uwanja. "Mwanangu."

"Naam, baba."

"Unajenga reli yako?"

"Hapana, baba."

"Basi langu linaondoka."

Hapakuwa na njia nyingine. Mzee mzima, mwalimu wa watu, mkwe wangu ambaye kwa heshima hata mkono simpi hovyo, alipandishwa juu ya mawe kama mzigo, mimi nikimsukuma kwa nyuma mahali ambapo mkwe hagusi mkwe, wazabuni wakimvuta kwa mbele, na alipofika kileleni kiatu kimoja kikamtoka, kikadumbukia katikati ya mawe, tukakisikia kinashuka, kinashuka. Viatu vyangu vilimpwaya. Alisafiri hadi Kibakwe na kandambili za mke wangu, za zambarau, zenye ua.

Kesho yake nilikwenda kambini mdogo kama pilipili kichaa, nikamwomba Rehema akae katikati. Bwana Li aliongea muda mrefu, Rehema akajitahidi asicheke, akashindwa.

"Anasema, baba, ulimwambia unanunua mawe, mengi, yote. Walikuwa hawana pa kuyatupa. Anasema pesa yako haitaki, ni zawadi, na hajawahi kuona mzee mwenye moyo kama wako. Ila kuyarudisha haiwezekani."

"Mwambie nilisema nauza."

"Hukusema hivyo. Kuuza sauti inaanguka. Kununua inainama kwanza, halafu inapanda."

Nikalipanga kichwani kwa namna yangu (na hili nimelibuni mimi, halimo kwenye kile kitabu kinene cha nzi wala kingine chochote, muulizeni Ramadhani): kuuza unashusha mzigo, basi, pu. Kununua unainama, unauokota, unainuka nao. Ni rahisi mno. Nikamgeukia Bwana Li palepale, nikashusha neno kama natua gunia, "*Wo mai shitou.*" Nikaongeza kwa Kiswahili na vidole, kokoto, Zuzu, safi, za mkono.

Safari hii alinielewa. Niliona uso wake unaelewa. Akageuka kuitazama mashine yao ya kusaga mawe iliyokuwa inanguruma nyuma yake, kubwa kama kanisa, ambayo mimi katika ziara zangu zote sikuwahi kuuliza inafanya nini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa huzuni ya kweli, akasema, "*Bu mai.*"

Lile neno likainama, likaokota, likainuka.

Rehema akafungua mdomo. Nikamzuia.

"Usitafsiri, mwanangu. Nimeelewa."

Kokoto za Zuzu bado zimelala. Kina mama nimewahamishia getini kwangu, wanagonga mawe ya Bwana Li tangu kunapopambazuka, majirani wananunua kwa ndoo na mkokoteni, usingizi wa mchana nimeusahau, na kiatu cha baba mkwe hatujakifikia. Nami nimeapa mambo mawili. Mkalimani akija na shikamoo yake nitamwitikia marahaba na kumpa kiti. Na kitabu sitakisifia tena mbele za watu kabla hakijanipeleka mahali na kunirudisha salama.