Vyeo vya Kurasini

Ofisini kwetu Njombe mkuu ni mmoja tu, naye ana mlango wake na zulia lake. Mimi nina kiti kinachoyumba. Kwa hiyo nilipotumwa Dar kufuatilia kontena letu bandarini, nilishangaa jinsi watu wa Kurasini walivyonitambua mara moja. Mlinzi wa yadi aliniita mkuu. Wakala wa forodha akaniita bosi, na dereva wa lori aliyetaka nimpishe akaniita kiongozi kabisa. Sikuwakosoa. Nikaanza kutembea taratibu, mikono nyuma, nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayekagua mradi, jasho likinitiririka chini ya sweta la Njombe.

Mchana nikaingia kwa mama ntilie.

"Karibu, bosi wangu," akasema, nami nikakaa kwa heshima zangu zote. Hata sijaagiza, akagonga sufuria kwa mwiko. "Kiongozi, hebu toka hapo, nimekuchoka."

Nikainuka haraka. Kumbe alikuwa anamwambia paka aliyelala chini ya kiti changu, na paka mwenyewe, kwa kuwa ni mwenyeji, hakujisumbua hata kufungua jicho.