Mstari wa Tano Ukutani

Kaka yangu ni fundi wa kuandika mabango, na mtaa mzima unamwita Rula, ingawa sijawahi kumwona ameshika rula. Anapiga uzi wenye chaki ukutani, anafumba jicho moja, anauma brashi ya pili kwa meno, halafu anashusha herufi zilizonyooka mpaka unatamani kuzipigia saluti. Kitu kimoja tu hakivumilii: herufi kubanana. Mteja akileta maneno mengi kuliko ubao, Rula hapunguzi herufi, anapunguza maneno. Mwenye bucha mmoja alitaka "Nyama safi ya ng'ombe na mbuzi kila siku", akapata "Nyama safi". Alifoka weee, mwishowe akazoea.

Mimi ni kinyozi, mdogo wake, kitinda mimba wa mama. Mdomo wangu wanasema haupoi. Leo ningependa upoe, lakini haya nisipoyasema yataniua.

Kibanda changu kinatazamana na ukuta wa zahanati. Mwaka juzi bwana afya alimletea Rula karatasi ya idara yake, mistari mitano ya tahadhari za nyumbani, iandikwe pale. Akamwambia asikate hata neno, akawasha pikipiki akaenda zake, maana alikuwa na vituo vingine kumi vya kuzungukia. Karatasi hiyo mimi sikuiona wakati ule.

Nilichoona ni bahati imeniangukia mlangoni. Wagonjwa wote wa zahanati wanakaa foleni wakiutazama ukuta ule, na wateja wangu walikuwa wananikimbia kwenda kwa kinyozi wa kona. Nikamganda kaka kama luba. Nilitaka mkasi na mshale pale chini, na maneno mawili tu: "Kinyozi ng'ambo". Alikataa siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia, "Wageni unawapendezesha, ndugu yako wa damu unamnyima hata mshale?" Nilijua panapomuuma. Akauchora, na ulikuwa mshale mzuri kweli. Wateja wakarudi.

Juu ya mshale kulikuwa na mistari minne. Dawa ziwe mbali na watoto. Moto usiachwe bila mtu. Maji ya kunywa yafunikwe. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya kinywaji. Niliisoma kila siku nikinyoa, nikawa naijua kwa moyo.

Na huyo huyo Rula alikuwa anasafishia brashi zake kwa mafuta ya taa yaliyokaa kwenye chupa ya maji ya kunywa, eti mdomo wake mwembamba haumwagi ovyo. Nilimtania kwamba anaandikia watu wanaojua kusoma, yeye hayumo. Tulicheka wote wawili. Kicheko kile nacho kinaniuma.

Mama alikuja mchana mmoja wa jua kali kumletea Rula chakula. Karakana ya Rula iko nyuma ya kibanda changu, na mwenyewe alikuwa juu ya ngazi mtaa wa pili. Mama akatoa kidonge chake cha presha, akakitupa mdomoni, akachukua chupa kwenye rafu, akapiga mafunda mawili makubwa kabla pua haijamwambia kitu.

Nilisikia ananiita. Nilimkuta ameshika koo, mdomo unanuka mafuta ya taa. Alikuwa anaongea, anapumua vizuri, ananilaumu kwa kuchelewa. Zahanati iko hatua thelathini. Mimi nikafanya nilichowahi kuona watu wakifanya: nikamnywesha maziwa, nikamtia vidole kooni. Alitapika, akapaliwa, akatapika tena. Midomo ilipoanza kubadilika rangi ndipo nikambeba nikavuka barabara.

Zahanati wakamkimbiza hospitali ya wilaya, huko wakamlaza wiki tatu. Daktari aliniuliza mara mbili ni nani aliyemtapisha. Nikasema mimi. Akanieleza taratibu, bila kunigombeza, kwamba yale mafuta yangebaki tumboni yasingekuwa na madhara makubwa. Yaliporudi juu ndipo yalipoingia mapafuni. Afadhali angenigombeza.

Bwana afya alikuja na karatasi yake, akatukuta mimi na Rula kwenye benchi la korido. Akaweka kidole kwenye mstari wa tano: "Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe wala asipewe maziwa. Mleteni zahanati haraka."

"Huu uko wapi, fundi?"

"Nafasi iliisha," Rula akasema.

Hakusema iliishia kwenye nini, wala hakunitazama. Nikaikumbuka mistari minne ile, na kilichokaa chini yake.

Mama alirudi nyumbani na kifua kibovu. Mwanamke aliyekuwa hapandi gari kwenda sokoni sasa alipumzika mara mbili kati ya kitanda na mlango. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alimwonyesha mimi. "Huyu kitinda mimba wangu ndiye aliyenitapisha ile sumu. Ningemngoja yule wa rangi, saa hizi ningekuwa udongoni." Yule wa rangi alikuwa pale pale, anampangia mito. Kila siku mama alimrudia habari ya chupa, naye kila siku alijibu, "Nisamehe, mama."

Nilimfuata uani. "Kaka, nitamwambia ukweli."

"Umwambie nini? Chupa yangu, na mstari nimeukata mimi."

"Kwa ajili ya mshale wangu."

"Brashi nilishika mimi. Mwache apate mtoto mmoja wa kujivunia."

Nikakubali haraka mno. Nilikuwa nimechoka kujichukia, na sifa za mama zilikuwa tamu.

Hata hivyo alasiri moja nilikwenda nimeazimia. Nikakaa kitandani, nikafungua mdomo. Mama akanishika mkono, akatenga vidole viwili, akavipapasa. "Ndivyo hivi," akasema. "Ndivyo vilivyoniokoa."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Alifariki siku ya nne yake.

Baada ya mazishi Rula alibeba ngazi mpaka kwenye ukuta. Alitaka kuubana ule mstari pembeni ili mshale wangu ubaki. Rula, kubana herufi. Nikamnyang'anya brashi pana, nikaupaka mshale chokaa mwenyewe, mkasi na maneno yake. Akaandika mstari wa tano juu yake, wote, herufi zimenyooka.

Juzi alikuja mzee mmoja rafiki wa mama. Nikiwa namnyoa akaniambia, "Marehemu alikusifu sana. Ni wachache wangejua la kufanya siku ile." Nilizima mashine. Nikageuza kiti kikaelekea barabarani, nikamwomba anisomee mstari wa mwisho ukutani, kwa sauti. Akausoma mpaka mwisho. Nikawasha mashine, nikamalizia upande uliobaki.