Jina la Bibi Nyamisi kwenye Faili Langu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, nilidanganya kabla sijagusa hata gunia moja. Uhuru ulikuwa bado mchanga na kila kijana alitaka kazi. Karani Mkuu alishika kalamu akauliza, "Jina la baba?" Nikajibu haraka, "Marwa. Amefariki." Hakukuwa na Marwa yeyote.

Ninyi vijana mkisikia nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, mnacheka. Bibi Nyamisi hakujaliwa mtoto, basi akatoa ng'ombe wake akamwoa mama yangu, ili mji wake usife. Mwanamume aliyenizaa sikumjua, wala hakutajwa. Shuleni wenzangu waliniuliza mimi ni wa nani, nami nikajibu kwa ngumi.

Kazi yangu ilikuwa kupanga madaraja. Unachota pamba kwa mkono, unaifungua juani: nyeupe isiyo na uchafu ni safi, yenye madoa ya wadudu au mvua ni fifi, na ole wako uchanganye! Nilikuwa hodari, sijisifu bure. Ila moyoni nilijiweka mwenyewe kwenye gunia la fifi, na kila nilipoandika Marwa nilijichukia.

Vijiji vya ujamaa vilipoanza nikahamishiwa kituo cha kununulia pamba karibu na Butiama. Jirani yangu huko, Mama Rhobi mshona nguo, alinivuta kanisani hadi nikaingia darasa la ubatizo. Siku ya kuandikisha, Mchungaji akafungua daftari: "Jina la baba?" Nikaanza kutaja Marwa, nikaishia njiani. Kisha nikasema yote, mbele ya darasa zima, jasho likinitiririka.

Mchungaji akaweka kalamu chini. "Sasa wewe unaonaga aibu ya nini? Huyo bibi alikutaka kabla hujazaliwa. Na Mungu alikutaka kabla yake."

Jamani! Nililia, halafu nikacheka, mpaka Mama Rhobi akanishika bega. Miaka yote nilitafuta mtu wa kusema mimi ni wake, kumbe nilishatakiwa mara mbili! Nilipobatizwa ziwani Musoma nilitoka majini natetemeka kwa baridi, na furaha sijui niiweke wapi.

Lakini faili lilikuwa bado Bunda. Nikadandia lori la pamba, nikasimama mbele ya Karani Mkuu, nikamweleza.

"Bwana mdogo, unajua kudanganya kwenye fomu ni kufukuzwa?"

"Najua, mzee."

"Na bado umekuja?"

"Nimechoka kuwa mtoto wa mtu asiyekuwepo."

Akafungua faili langu. "Hapa watu wanaandikaga jina la mwanamume."

"Mimi niandikie la bibi yangu."

Akachukua rula, akakata Marwa, akaandika Nyamisi, akatia sahihi pembeni. "Haya, rudi kituoni. Mvua inakuja na pamba iko nje."

Nilipanga pamba mpaka nikastaafu, na sasa naishi Iringo, mjini Musoma, mwepesi wa moyo kuliko nilivyokuwa kijana. Cheti changu cha kustaafu kiko ukutani na jina lile. Bibi hakujua kusoma. Baada ya safari ile ya Bunda, nilipompelekea barua ya kwanza ya kazi yenye jina lake, aliligusa kwa kidole, polepole.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, bibi. Na mimi ni wako."