Suti ya Kijivu Harusini Tororo

Bwana harusi aliingia kanisani amevaa kaptura ya kaki, jasho linamtiririka.

Watu wakageuka kumtazama. Mimi nikacheka. Ningejua kinachokuja, ningekimeza kile kicheko.

Ilikuwa Tororo, mwaka 1966. Bwana harusi alikuwa Odwori, mkulima wa kwetu Sikuda. Kabla ya hapo alinitaka mimi, nikamkataa kwa sababu ya kaptura. Mimi Akiteng nilitaka mwanaume wa suti.

Nikampata. Chrispinus, wa Busia ya upande wa Kenya. Kila Jumapili suti nyingine. Nikamuuliza kazi yake, akasema, "Niko kwa mambo ya nguo."

Mengine nikayajaza mwenyewe. Duka kubwa. Gari. Nyumba ya mabati. Akili yangu ilikuwa inakimbia kuliko treni ya Malaba.

Siku hiyo nilimleta makusudi, Odwori aone nilichopata. Hata sikumwambia Chrispinus harusi ni ya nani. Akaja na suti ya kijivu, tukaketi benchi la mbele kabisa.

Odwori hakwenda madhabahuni. Alikuja moja kwa moja kwetu.

"Fundi," akasema polepole, "asubuhi nimekuja kwako Busia na baiskeli, nakuta umefunga. Hiyo koti ni yangu. Na suruali."

Chrispinus akainuka. "Ulisema utachukua jana, sikukuona. Nikadhani utakuja wiki ijayo. Nisamehe, ndugu yangu."

Kumbe fundi cherehani. Suti zote zile, za wateja.

Wakaingia chumba cha padri. Odwori akatoka anang'aa. Mimi nikawa naomba Mungu Chrispinus atorokee dirishani.

Hakutoroka. Alitoka amevaa kaptura ya Odwori, akarudi kuketi palepale.

"Nilisema nitakurudisha nyumbani," akaninong'oneza. "Bado nitakurudisha."

Mnajua nilifanya nini? Nikahama benchi. Nikajifanya simjui.

Awor, msichana wa kwaya, ndiye aliyemletea leso ya kufunika magoti, akaketi naye. Baadaye nikaalikwa harusi yao. Suti alijishonea mwenyewe, na ilimkaa vizuri mpaka nikakosa hamu ya pilau.

Mimi siku ile nilirudi Sikuda nyuma ya lori la pamba.

Wadogo zangu, nguo ya mtu inaweza kuwa ya mwingine. Aibu ikimpata, angalia kama anabaki ameketi. Halafu jiangalie na wewe. Mimi kwa suti moja nilipoteza wanaume wawili.